Mama Ange na Njia ya Msalaba ya Rangi za Maji

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Murubona, ndugu mliotoka Muyama kwa miguu tangu alfajiri na ninyi mliopanda lori kutoka Kibondo, familia inawashukuru kwa kukaa nasi, na imemchagua Sylvesta Nsabimana, mdogo wake mzee Reverien, awasomee maisha ya mpendwa wetu Winifrida Niyonkuru, ambaye wengi wenu mlimzoea kama mama Ange. Na kwa kuwa msomaji ni shemeji yake, na mtu na shemeji yake hawanyimani utani hata siku kama ya leo, mkisikia mahali pa kucheka chekeni tu, maana mwenyewe angekuwa wa kwanza.

Winifrida alizaliwa Muyama, Wilaya ya Kasulu, tarehe 12 Machi 1944, mtoto wa pili wa mzee Ndayiragije, mkulima wa maharage na ndizi, na bibi Anastazia, msusi wa vikapu. Kwa bibi Anastazia inabidi tusimame kidogo, maana bila yeye mengine yote hayaeleweki: alipofika umri wa makamo macho yake yaliingia ukungu, watu wa nyumbani wakampeleka kwa mganga aliyesifika kwa kuchokoa macho kwa sindano, naye akamchokoa, na tangu siku hiyo bibi yule hakujua tena kama kumekucha au kumekuchwa, akawa anakaa mlangoni akimwuliza kila anayepita yeye ni nani, hadi alipofariki mwaka 1979. Kila likizo Winifrida ndiye aliyemshika mkono kumpeleka uani na kumrudisha, na hofu iliyomwingia pale hakumwambia mtu yeyote, aliibeba kimya kimya mpaka utu uzima wake.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1953 katika shule ya misheni karibu na kwao, akaendelea na shule ya kati ya wasichana, akamaliza darasa la nane mwaka 1960. Huko ndiko alikomkuta Sista Klotilda, mtawa mzee aliyekuwa akichora majani na maua ya pori kwa rangi za maji, akamwonea gere msichana huyu aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko wake, na baada ya gere kwisha akamfundisha yote aliyoyajua. Alimfundisha kwamba rangi hizi hazina nyeupe, nyeupe ni ile karatasi yenyewe, ukitaka wingu jeupe au shati jeupe unaliacha pale pale bila kuligusa na kupaka kandokando yake. Alimfundisha kuanza na rangi hafifu na kwenda kwenye nzito, kwa kuwa ukishatia giza hulitoi tena. Na alimfundisha kusubiri karatasi ikauke kabla ya kuongeza, jambo ambalo lilimshinda kwa muda mrefu, maana kusubiri hakukuwa katika tabia zake, na sisi tuliowahi kula pamoja naye ugali wa moto tunalijua hilo.

Kuanzia Januari 1962 hadi Desemba 1989 alifundisha kazi za mikono na kuchora katika shule za msingi wilayani Kibondo, na wapo hapa watu wazima wenye mvi ambao walishonea mikono yao ya kwanza ya shati mbele yake na kuambiwa wafumue. Mwaka 1967 shule yake iliomba seremala wa kutengeneza madirisha, akaja Reverien Nkunzimana, kijana ambaye familia yake ilikuwa imevuka mpaka kutoka Burundi miaka miwili kabla, na madirisha yale sita yalichukua karibu mwaka mzima kumalizika, mwalimu mkuu akalalamika, mwalimu wa kazi za mikono hakulalamika hata kidogo. Walifunga ndoa takatifu mjini Kibondo Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 1968, na Mungu akawajalia watoto watatu, Ange mwaka 1970, Pasikali mwaka 1973 na Niyonzima mwaka 1977, wote wapo hapa mbele yenu pamoja na wajukuu.

Alipostaafu walihamia hapa Murubona, na mwaka 1990 mzee Reverien akamwongezea nyumba chumba kimoja chenye dirisha pana linalotazama kusini, upande ambao jua haliingii moja kwa moja na mwanga hautangatangi, chumba ambacho sisi tulikiita stoo na yeye alikiita studio, na aliyekosea jina alirudishwa mlangoni aingie upya. Humo alikuwa na meza ya mninga, sahani nyeupe ya bati ya kuchanganyia rangi, makopo mawili ya maji, moja la kuoshea brashi na moja lisiloguswa, na mbao ambazo juu yake alibandika karatasi iliyolowa maji, kwa uji wa muhogo kingo zote, ili ikikauka ijinyooshe. Mwanzoni uji ule uliita mende kutoka mtaa mzima, wakala kingo za picha mbili za milima ya Heru Juu, ndipo alipojifunza kuutia majani ya mwarobaini yaliyotwangwa, na mende wakahamia kwa majirani, tunawaombeni radhi.

Rangi na karatasi alizipata katika duka la mzee Saady, ambaye vitu vyake vililetwa na ndugu zake kutoka Dar es Salaam kwa treni hadi Kigoma, na katika kijisanduku kile cha rangi kulikuwa na kijani ambacho hakukigusa hata siku moja, kwa maelezo kwamba kijani cha dukani hakijawahi kuota popote. Yeye kijani chake alikipika kwa njano na buluu, akitia chembe ya nyekundu ya udongo kwa ajili ya migomba, akiongeza buluu kwa mikaratusi, akipunguza kila kitu kwa maharage machanga ya Novemba. Na nyeusi aliichukia kuliko kijani, kivuli alikifanya kwa kahawia na buluu, hata kivuli cha kwenye uso wa mtu, akatuambia tumtazame vizuri mtu aliyekaa chini ya paa la nyasi saa sita mchana, na tukimtazama kweli tulikuta shavu lake lina buluu.

Mwaka 1993, siku ya Jumatano ya Majivu, parokia yetu ilimkabidhi kazi kubwa kuliko zote za maisha yake, nayo ni vituo kumi na vinne vya Njia ya Msalaba, akavianza kwa namna yake, Yesu akabebeshwa msalaba kwenye njia ya udongo mwekundu yenye migomba pande zote, Simoni wa Kirene akawa mtu wa huku kwetu anayerudi shambani na jembe begani, na Veronika akampangusa Bwana kwa kitenge. Vituo sita vya mwanzo vilimalizika mwishoni mwa mwaka 1994, na waliokuja kuviona studioni walitoka wakisema kwa sauti ya chini, si kwa sababu ya huzuni, ni kwa sababu walitambua vilima vyao.

Kisha, katika mwaka 1995, mambo yakaanza kwenda kombo. Kituo cha saba kilikuwa na mbingu nzito ya buluu, tukasema pengine ni mvua, cha nane kikawa na wanawake wa Yerusalemu wenye nyuso za zambarau, cha tisa hatukusema kitu, na kilipotoka cha kumi, ambapo Bwana anavuliwa nguo, akina mama wa jumuiya walitazamana, na mmoja akanong'ona kwamba Yesu amemwagiwa wino. Paroko wa wakati ule, kwa upole, akasema picha zisitundikwe kwanza. Winifrida mwenyewe alikuwa anaona kinyume kabisa, kwa macho yake buluu ilikuwa imekufa, akaongeza, bado imekufa, akaongeza tena, na karatasi, ile karatasi ambayo ndiyo nyeupe yake, akaiona imeingia njano kama ya magazeti ya zamani.

Lawama zote akazishusha kwa mzee Saady. Alirudisha karatasi dukani akisema zimeoza, mzee Saady akazipokea akaomba radhi na kumwahidi mzigo mpya, wiki mbili baadaye akampa mzigo mpya, naye akaukagua mlangoni kwenye mwanga, akaurudisha, akasema hawa watu wa Dar es Salaam wanatufanya sisi wa Kasulu wajinga. Akapewa mzigo mwingine, akaurudisha huo pia, safari hii mbele ya wateja, na kwa maneno ambayo hatutayasoma mbele ya altare. Alilalamikia maji, akataka yachotwe kwenye chemchemi, akalalamikia vumbi la malori yaliyokuwa yakipita kwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, akafunga dirisha, na chumba kikawa na giza zaidi.

Aliyetufungua sisi macho ni mke wa mzee Saady, bibi Mwanaamina, ambaye siku moja alimfuata mzee Reverien kwenye karakana yake, akakaa juu ya gogo, akamwambia polepole: "Shemeji, usikasirike kwa nitakalokwambia, zile karatasi ni zile zile, mume wangu hana mzigo mwingine, anazifunga upya kwa gazeti jipya na kumpa mwenzio, na kila mara mwenzio anasema zimeoza, sasa wewe fikiri karatasi gani inayooza mara tatu." Mzee Reverien aliweka randa chini, na anasema hakuinyanyua tena siku ile, kwa sababu alikumbuka kwamba mkewe alikuwa amelisifia gauni la bibi harusi wa jirani kuwa ni la rangi ya maziwa ya mgando, wakati gauni lilikuwa jeupe kama mengine yote, na kwamba chai alikuwa anaimimina kwa kusikiliza.

Alipoambiwa, Winifrida hakubisha wala hakulia, alisema tu, "Ego, ndiyo, najua," akafunga mlango wa studio, akakaa humo akifikiria mlango wa kwao Muyama na mama yake anayeuliza wapita njia ni nani. Alikuwa amejua kwa zaidi ya mwaka, na alikuwa amechagua kugombana na karatasi, na rangi, na maji, kuliko kulitaja jambo lenyewe, kwa hofu kwamba akilitaja tu atashikwa mkono, atapelekwa kwa mtu mwenye sindano, na brashi itakuwa imewekwa chini kwa mara ya mwisho. Tulimwambia kuna madaktari wa macho wanaozunguka kwenye hospitali za misheni, siyo waganga, ni madaktari, akajibu kwamba hata yule aliitwa daktari na watu wake. Na Kwaresima ya 1997 ikapita ukuta wa kanisa ukiwa mtupu, na sisi tukiwa na woga wa kumwona anafuata njia ile ile ya mama yake.

Ndipo bibi Mwanaamina akafanya jambo ambalo familia hii haitalisahau, alimwita mama yake mkubwa, Bi Zuhra wa Ujiji, mwanamke wa umri mkubwa aliyekuwa ametolewa mtoto wa jicho macho yote mawili, na Bi Zuhra akaja hadi Murubona, akaamkiana na mwenye nyumba, akakataa kiti, akaomba ungo wa mchele. Hakutoa hotuba wala kushawishi. Alikaa mkekani akawa anachagua mawe na chuya, akiyarusha nje huku akimsema vibaya aliyeuuza ule mchele, na Winifrida aliyekaa karibu naye, magoti yakigusana, akainamia ungo ule kwa muda mrefu, asione jiwe hata moja. Bi Zuhra aliendelea na kazi yake hadi mchele ukaisha, akapangusa mikono, na Winifrida akamwambia Ange maneno matatu ya kwetu, ya mama kwa mwanawe, "Nipelekeni, mwana wanje."

Alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia tarehe 17 Juni 1997, na la kushoto tarehe 20 Novemba mwaka huo huo, mara zote mbili bibi Mwanaamina akikaa kando ya kitanda kwa sababu mgonjwa alikuwa amesema kwamba yeye ndiye mtu pekee asiyemdanganya. Bandeji ilipofunguliwa mara ya kwanza, mzee Reverien alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake mkononi, akasikia sauti ya mkewe ikimwuliza daktari ni nani aliyepaka ule ukuta rangi ya buluu nzuri kiasi kile, na daktari akamjibu kwamba umekuwa hivyo tangu walipofika, ndipo mzee wetu akaketi sakafuni, mtu mzima na miguu yake, akacheka na kulia kwa pamoja. Hatuoni aibu kulisoma hili, mzigo uliokuwa umetulalia miaka miwili ulishuka siku ile, na kila mmoja wetu alilala usingizi ambao alikuwa amesahau kama upo.

Aliporudi nyumbani kitu cha kwanza alichokitaka ni vile vituo vinne, na nyumba nzima tukaingiwa na wasiwasi, Pasikali akasimama karibu na mlango kana kwamba anazuia mtu asitoroke, kwa kuwa tulidhani atavichana na pengine na vile sita vya mwanzo. Alivipanga ukutani, akarudi nyuma, akavitazama, kisha mabega yakaanza kutikisika, tukajua tumekwisha, kumbe anacheka, akacheka mpaka akajishika mbavu, akatugeukia: "Mbega, yaani ninyi mlinyamaza tu? Bwana Yesu mmemwacha na uso wa wino mwaka mzima, hata wewe Sylvesta mwenye mdomo?" Picha zile hazikuweza kusahihishwa, rangi ya maji ikishalala imelala, akavigeuza vituo vile vinne, akatumia migongo yake kujaribia rangi, akaanza upya.

Kesho yake alivaa kitenge chake cha kanisani, akaenda dukani kwa mzee Saady saa nne asubuhi, saa ambayo duka limejaa, kwa sababu alisema matusi aliyoyatoa hadharani hayawezi kuombewa radhi chumbani, akasema wote wasikie, "Mzee Saady, karatasi zako zilikuwa nyeupe, mimi ndiye niliyekuwa na giza, unisamehe." Mzee Saady akainama chini ya meza yake, akatoa bunda lililofungwa gazeti, akamwambia, "Nilishakusamehe, mama Ange, chukua mzigo mpya," na watu walioijua habari ile wakapiga makofi, na Winifrida akalifungua bunda lile mlangoni kwenye mwanga, kama alivyozoea, akasema, "Hizi sasa ndizo."

Vituo vya saba hadi kumi na nne alivimaliza ndani ya miezi michache, akichora asubuhi tu, akisubiri kila tabaka likauke bila manung'uniko, jambo ambalo Sista Klotilda hakulipata kwake shuleni, na kile cha kumi na nne, Bwana akilazwa kaburini, hakina giza tulilolitegemea, kina njano hafifu ya majani makavu ya Julai na buluu kidogo sana penye vivuli, na sanda ni karatasi tupu ambayo brashi haikuigusa. Vilitundikwa vyote Ijumaa ya tarehe 27 Machi 1998, na waumini wakavipitia kwa sala wakianzia kushoto mwa mlango, naye akiwa wa mwisho katika mstari, akitembea bila kushikwa mkono na mtu.

Mwezi Aprili mwaka huu alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu, miguu ikavimba na pumzi ikawa fupi, akatibiwa akapata nafuu, akaenda na rangi zake hadi Kibondo kuwasalimia wanafunzi wake wa zamani, na tarehe 9 Julai hali ikabadilika tena. Pasikali alimpeleka hospitali kwa gari la kuazima, mgonjwa amekaa mbele, vumbi la kiangazi limejaa njiani, na katikati ya safari ni mgonjwa aliyesema, "Pasikali, shimo hilo," kabla dereva hajaliona, na wote ndani ya gari wakacheka pamoja na hali ilivyokuwa. Wodini alimsifia muuguzi sweta lake na kumweleza jinsi ya kuipata rangi ile kwa kuchanganya, na usiku wa mwisho aliomba kitanda kigeuzwe kielekee dirishani, na kulipopambazuka Jumatano ya tarehe 14 Julai 1999, akamwambia Ange aangalie mlima ulivyo mwepesi kabla jua halijaugusa, akautazama yeye mwenyewe hadi pumzi ilipokatika, saa moja na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wale wa macho waliotoka mbali na hawa wa hapa Kasulu waliokesha naye, inamshukuru Baba Paroko na jumuiya yote, walimu wenzake wa Kibondo, majirani walioleta kuni, maji na mahema tangu juzi, na mafundi wa karakana waliotengeneza jeneza kwa mbao alizozichagua mzee Reverien mwenyewe. Kwa mzee Saady na bibi Mwanaamina, waliofunga duka siku tatu na kukaa msibani kama ndugu wa damu, na kwa Bi Zuhra ambaye umri haukumruhusu kusafiri, tumetafuta maneno tukayakosa, Mungu awalipe yeye.

Mama Ange, tuliogopa mno kwamba utaondoka gizani kama mama yako, na leo tunakuzika tukiwa na huzuni kubwa na mioyo mikunjufu, maana macho yako uliondoka nayo yakiwa yanaona, ni binti yako ndiye aliyeyafumba, kwa mkono wake, asubuhi kweupe. Lala salama, shemeji, upumzike.